Amplifaya Iliyosali

"Nakusikia. Ngoja kidogo."

Ndivyo lilivyosema lile sanduku, msomaji wangu, na hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita. Kidole cha Nyandwi kilikuwa hakijagusa hata uzi mmoja wa gitaa. Mwimbaji alikuwa ameinama anafunga viatu. Midomo yote ya bendi yao, Migomba Jazz, ilikuwa imefumbwa, na sanduku likasema kwa sauti ya mtu mzima.

Kama hukuwa nasi, shika haya machache tukimbie pamoja. Ni Novemba ya vita. Tuko Nyamiaga, jirani na mji wa Ngara, kwenye uwanja ulio mbele ya ghala la kahawa la kijiji. Vijana wa mgambo wanaondoka alfajiri kwenda kupigana na nduli, na kijiji kinawaaga kwa dansi la mchana, maana usiku hakuna ruhusa ya kuwasha hata kibatari. Amplifaya mpya imeletwa kutoka Mwanza na Kazimili, dereva Msukuma wa Nyabusozi, mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Inakula umeme wa betri ya lori lake. Mpiga gitaa ni Nyandwi. Na anayemtazama bila kupepesa macho ni mama yake, Odeta, mjane, rozari imemzunguka kidole.

Sasa twende.

Watu walicheka. Mtu akiogopa mbele ya wenzake, hucheka kwanza.

"Mmeona?" Kazimili alipiga kelele kutoka juu ya lori. "Mashine ya Mwanza hiyo! Inaitikia salamu kabla hujaisalimia!"

Nyandwi hakucheka. Alifuatisha waya kwa macho. Waya wa gitaa uliokuja na sanduku ulikuwa mfupi, naye alipenda kusogea mpaka kwenye pua za watu akipiga. Basi alikuwa ameuunga na waya wa kuanikia nguo wa mama yake, mrefu, ukapanda juu ya bati la ghala na kushuka upande wa pili.

"Mama, waya wako unasema maneno."

"Mimi niliuanikia mashuka," Odeta alijibu. "Sikuufundisha kusema."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa raha. Lakini Odeta mwenyewe alianza kuhesabu punje za rozari.

"Mnangoja nini?" Sauti ilitoka nyuma ya umati. Alikuwa Minani, kamanda wa mgambo wa kijiji. Vijana wake walifanyia mazoezi bunduki za mti, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ya chuma. "Pigeni! Fungulia sauti mpaka mwisho! Vijana wanakwenda vitani, hawaendi kulala!"

Odeta akageuka kumtazama. Minani huyuhuyu, Jumapili iliyopita tu, alisema mbele ya kanisa kwamba gitaa ni kazi ya wavivu. Leo anataka kelele?

Hakupata muda wa kulifikiria. Nyandwi alishusha mkono.

Mungu wangu, msomaji! Sauti ilitoka mle kama mlima umepiga chafya. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Wazee wawili walirukia handaki lililochimbwa nyuma ya ghala, wakidhani ndege ya adui imefika, na ilibidi wavutwe kwa mikono huku wakigomba. Watoto walijipiga chini kwa kicheko. Kisha besi ikaingia, drams zikaingia, na uwanja mzima ukawa vumbi na miguu.

"Odeta!" Suzana alimshika bega, jasho linamtiririka. Waliimba kwaya pamoja tangu wakiwa wasichana, na kijana wa Suzana alikuwa mmoja wa wanaoondoka. "Mwanao anatutoa roho!"

"Nasikia."

"Sasa mbona umesimama kama mtu aliye msibani? Cheza!"

"Nafurahi kidogo kidogo, Suzana. Nikifurahi sana, huwa linanifuata jambo."

Alikuwa na sababu. Baba yake Nyandwi alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto Ruvubu, na tangu vita ianze, watu wenye damu ya ng'ambo walikuwa wakitazamwa. Juzi tu mgambo walimchukua muuza samaki kwa kukutwa na tochi. Walisema alikuwa akiziashiria ndege. Hajarudi. Mke wake anauza samaki waliobaki huku analia.

"Ongeza!" Minani alipaza sauti. "Ongeza tena!"

Nyandwi akaongeza.

Jua likagusa migomba. Na pale juu kilimani, kwenye mnara wa matofali wa kanisa, kengele ikalia.

Wewe uliyekulia mjini huenda hujui mambo haya. Huku kwetu kengele ya jioni ikilia, jembe linashushwa. Mwenye mzigo kichwani anasimama nao njiani. Mama anayemchapa mtoto anaachia fimbo ikiwa hewani, na mtoto mwenyewe anaanza sala ya Malaika wa Bwana huku bado analia. Dansi ni nini hata lisisimame?

Likasimama. Vumbi likaanza kutua. Hata Kazimili, ambaye anatambikia mizimu ya babu zake na hajui ishara ya msalaba inaanzia wapi, alivua kofia kwa heshima. Nyandwi aliondoa mkono kwenye nyuzi, lakini amplifaya hakuizima. Kazimili alikuwa amemwonya kwamba betri ile imechoka, ukizima huenda isiwake tena.

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria," alianza Mzee Anatoli, mwenyekiti wa kijiji.

"Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu," watu wakaitikia.

Katika ule utulivu Odeta alisikia mlio mdogo kutoka upande wa kanisa. Tuk-tuk-tuk-tuk. Akadhani ni mashine ya kusaga mahindi.

Ndipo sanduku liliposema tena.

"...malori yamejaa. Yanalala Ngara. Alfajiri yanashika njia ya Biharamulo. Narudia. Alfajiri, njia ya Biharamulo..."

Sala ilikufa midomoni mwa watu. Mamia ya macho yakageukia lile sanduku jeusi.

Kengele ikalia kipigo cha pili, na sasa nywele za Odeta zikasimama chini ya kitambaa. Kengele ilikuwa imelia mara mbili kwa wakati mmoja: mlimani, na ndani ya sanduku. Na ile ya ndani ya sanduku ilikuwa kubwa kuliko ile ya mlimani.

"Ngoja," ilisema ile sauti. "Kengele."

Kukawa na pumzi tu. Pumzi ya mtu aliyeshika kitu mkononi akasahau kukiachia. Halafu, taratibu, kwa sauti ya chini ya mtu anayejisemea mwenyewe:

"Angelus Domini nuntiavit Mariae..."

"Lugha gani hiyo?" mtu alinong'ona.

"Ya adui," mwingine akajibu.

Odeta aliijua lugha ile.

Padri mzee aliyewafundisha watumishi wa altare Kilatini alikwisha kufa zamani, na sala yenyewe sasa inasaliwa kwa Kiswahili. Hapa Nyamiaga alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyeisali kwa lugha ile. Aliisali shambani, jembe begani. Aliisali barabarani, ameshikilia baiskeli yenye gunia la kahawa asiache likateremka na mlima. Na kila alipomaliza aliongeza majina mawili, siku zote mawili, siku zote kwa mpangilio uleule: kwanza mtoto, halafu mke.

Mtu huyo aliitwa Ntirampeba. Alikuwa mume wa Odeta.

Na alikuwa amekufa. Ruvubu ilimchukua. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, mwili haukupatikana. Odeta alivingirisha sanda kwenye shina la mgomba akalizika mahali pa mume wake, misa ikasomwa, na tangu hapo akawa analipalilia lile kaburi kila wiki kama bustani ya mboga.

"Ora pro nobis," lilisema sanduku. Odeta alijua kinachofuata. "Pro Nyandwi. Pro..."

Tap!

Minani alikuwa ameurukia waya wa betri na kuung'oa. Sanduku likanyamaza katikati ya neno.

Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe:

"Amemtaja! Mmesikia? Amemtaja Nyandwi!"

"Wanawasiliana!"

"Ndiyo maana ameleta sanduku!"

"Mtoto wa ng'ambo! Si tulisema?"

Vijana wa bunduki za mti walimvamia Nyandwi kabla hajaweka gitaa chini. Kamba ya katani ilipita kwenye mikono yake mara moja, mara mbili. Gitaa likadondoka, uzi mmoja ukakatika kwa mlio mkali.

"Nisikilizeni!" Nyandwi alikuwa amepauka kama jivu. "Mashine hii inaweza kudaka redio ya upepo! Kama ile ya kule hospitali, ya kuitia gari la wagonjwa! Nilijiuliza tangu mwanzo. Ule waya mrefu ndio umedaka. Kuna mtu anaongea kwenye redio ya upepo, na yupo karibu!"

"Karibu wapi?" Minani alimsogelea.

"Sijui."

"Umejua ni redio. Umejua yupo karibu. Sasa mahali ndipo usipojua?" Minani aliwageukia watu. "Ndugu zangu, mmesikia kwa masikio yenu wenyewe. Jina limetajwa. Sihitaji ushahidi mwingine. Mpakieni kwenye lori nimpeleke sasa hivi, kabla ya giza."

"Kumpeleka wapi, ndugu kamanda?" aliuliza Mzee Anatoli.

"Panapohusika."

Neno hilo kila mtu alilijua. Muuza samaki naye alipelekwa panapohusika.

"Lori langu mimi?" Kazimili alikuwa ameteremka, kofia mkononi, mdomo wake wote ule umebakiwa na maneno machache. "Kamanda, betri imechoka. Halitawaka."

"Litawaka. Au wewe uliyeleta sanduku upande nyuma pamoja naye?"

Kazimili akarudi kinyumenyume mpaka akagonga gurudumu, halafu polepole, kama kobe anayeingia ganda lake, akaingia chini ya lori. Vijana wawili wakacheka kwa woga.

Odeta alijikuta katikati ya uwanja. Hakukumbuka kutembea.

"Minani, mwachie mwanangu."

"Mama Nyandwi, kaa pembeni. Usifanye mambo yawe mabaya zaidi."

"Mwachie. Hana kosa."

Ni Suzana aliyemjibu. Suzana, rafiki yake. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Odeta, mwanangu anapanda malori hayo alfajiri." Alisema polepole, kila neno kama jiwe. "Hayohayo yaliyotajwa. Yakingojewa njiani, mimi nitazika nini? Mgomba kama wewe?"

Na Suzana alikuwa na haki.

Sasa tazama, msomaji, mahali alipobanwa mama huyu. Akinyamaza, mwanawe anapandishwa kwenye lori na Minani, na giza linaingia. Akisema ukweli, kwamba lile lilikuwa jina ndani ya sala ya baba, basi baba yuko hai, baba ni jasusi, na mtoto wa jasusi naye ni nani? Watawafunga wote watatu kamba moja. Pande zote mbili kulikuwa na shimo.

Nyandwi alikuwa akimwangalia. Hakuitambua ile sauti. Alikuwa mdogo sana baba alipoondoka. Macho yake yalikuwa ya mtoto anayengoja mama yake aseme kitu, kama zamani alipokuwa akiota ndoto mbaya.

Odeta alibana rozari mpaka punje zikamuuma. Akatega sikio badala ya kutafuta maneno, maana ndivyo alivyozoea kuishi.

Tuk-tuk-tuk-tuk.

Bado ilikuwa inalia kule juu. Mashine ya kusaga. Lakini mashine ya kusaga haijapata dizeli tangu vita ianze! Wanawake wote wa Nyamiaga wanatwanga kwa mkono, viganja vyao vina malengelenge. Na mashine haiko upande wa kanisa, iko bondeni.

Kwa hiyo ile ni mashine ya nani?

Na nani alitaka kelele leo? Nani alisema ongeza, ongeza tena? Nani aliurukia waya kabla mtu mwingine yeyote hajatikisika? Na zamani zile, ni nani aliyekuja mlangoni kwake, nguo zinachuruzika maji, akasema, "Pole, Odeta, nimemwona kwa macho yangu akizama"?

Minani. Minani. Minani. Na tena Minani.

Hofu yake haikuisha, nisikudanganye. Iliongezeka. Lakini sasa ilikuwa na sura, na hofu yenye sura mtu anaweza kuikabili.

"Mzee Anatoli," alisema. "Sanduku lilikatwa halijamaliza. Lilikuwa na jina jingine la kutaja. Baada ya Nyandwi lilikuwa linakuja jina langu."

Umati ukaguna. Minani akasimama kama aliyegongwa.

"Huyu mama amechanganyikiwa," alisema haraka. "Mtoeni."

"Kama nimechanganyikiwa, mnaogopa nini? Rudisheni waya, tusikilize."

"Hakuna kurudisha! Ni amri!"

"Amri ya nani?" Mzee Anatoli aliuliza kwa upole. "Mimi sijaitoa."

Minani alifungua mdomo. Na katika ile nukta moja aliyokuwa akitafuta jibu, Odeta aliyekuwa hajawahi kugusa betri maishani mwake alikwenda mpaka kwenye lori, akaokota ule waya uliong'olewa na kuubana penye shaba. Cheche ikamchoma vidole. "Mawe!" alimlilia mama yake kwa lugha ya kwao, lakini hakuachia.

Sanduku likakoroma. Likakohoa. Watu wakarudi nyuma kwa pamoja, kana kwamba simba amefunguliwa.

"...muziki umekatika," ilisema ile sauti, sasa kwa haraka, kwa wasiwasi. "Mashine yangu ya umeme itasikika. Minani aliniahidi muziki mpaka giza. Narudia, Minani aliniahidi..."

Watu waligeuza shingo tu, wote kwa pamoja, wakamtazama kamanda wao.

"Uongo," Minani alisema.

Halafu akainua bunduki.

Hakumwelekezea Nyandwi wala sanduku. Alimwelekezea Odeta kifuani, naye alikuwa amesimama na waya mkononi, hana pa kukimbilia, mgongo wake uko kwenye chuma cha lori. Aliliona lile tundu jeusi. Alisema, "Ee Maria," akafumba macho.

Mlio ulipasua uwanja.

Odeta alingoja maumivu. Hayakuja. Alipofumbua macho, Minani alikuwa ameanguka kifudifudi, bunduki imepiga mawingu, na mikono miwili minene iliyojaa grisi ilikuwa imeshika vifundo vya miguu yake kutoka chini ya lori.

"Njooni basi!" Kazimili alipiga kelele, kichwa chake hakionekani. "Mtu mzito huyu! Mnadhani nimeingia huku kulala?"

Vijana wa bunduki za mti walimrukia kamanda wao. Walimfunga kwa kamba ileile ya katani, na ilibidi kwanza wamfungue Nyandwi, kwa sababu kamba ilikuwa moja tu.

Suzana ndiye aliyemfungua. Vidole vyake havikuweza fundo, akalifungua kwa meno, machozi yakimdondoka kwenye viganja vya kijana. Alimvuta akamkumbatia, kisha akamsukuma kwa mama yake.

Odeta alimpapasa Nyandwi mikono, alama za kamba, kichwa, masikio, kama siku aliyomzaa. Mzima. Mwanangu mzima. Asante, Mama wa Mungu, asante, mwanangu mzima.

Lakini Mzee Anatoli alikuwa amesimama mbele yao. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Odeta zaidi.

"Mama Nyandwi."

"Shikamoo, mzee." Alishangaa kwa nini amesalimia. Walikwisha kusalimiana asubuhi.

"Marahaba. Umemwokoa mwanao, na labda watoto wetu wote. Nashukuru. Lakini nina swali moja, na watu hawa wote wanalo." Aliinama kidogo. "Ulijuaje kwamba jina linalofuata ni lako?"

Hata Kazimili, aliyekuwa ametoka chini ya lori anajipangusa tumbo, alisimamisha mkono.

Angeweza kusema uongo. Ulikuwepo hapo karibu, mwepesi: nilidhani tu, mzee, nilibahatisha kumwokoa mtoto. Wangemwamini. Wangemwamini kwa furaha. Na kesho angekwenda kupalilia kaburi lake kama kawaida.

Lakini alikuwa ametoka kusali muda mfupi tu uliopita. Sala ile ilikuwa haijakauka mdomoni. Na kijana wa Suzana alikuwa amesimama pale, na fimbo yake iliyochongwa kama bunduki, na alfajiri ilikuwa inakuja.

"Kwa sababu nimelisikia hivyo miaka yote ya ndoa yangu," alisema Odeta. "Ile si lugha ya adui, mzee. Ni Kilatini. Ni sala hiihii mliyokuwa mkisali. Mtu anayesema humo ni Ntirampeba, mume wangu. Nilizika mgomba. Na kengele ilikuwa kubwa zaidi humo ndani kuliko hapa nje. Yuko chini yake. Yuko kanisani."

"Baba?" alisema Nyandwi.

Mzee Anatoli aliinua mkono kuwaamuru vijana. Hakuwahi kuushusha.

Kengele ililia tena.

Haikuwa ya sala, maana sala ilikwisha kupita. Na mpiga kengele, kikongwe wa sakristia, alikuwa amekwisha kushuka pamoja na wasaidizi wake wawili wa kuvuta kamba, yuko hapohapo uwanjani na funguo kiunoni, mdomo wazi kama wengine.

Kipigo kimoja. Kimya kirefu. Kipigo kimoja. Kimya.

Watu wakajua, na wanaume wakavua kofia bila kuambiwa. Ndivyo inavyopigwa pale mtu anapofariki. Hivyohivyo ilipigwa siku ile walipokuwa wakiushusha mgomba kaburini.

Tuk-tuk ya mashine ilikuwa imekoma.

"Mama," Nyandwi alinong'ona, vidole vyake vimezama kwenye mkono wake. "Nani amekufa?"

Odeta alikuwa ameinua kitenge chake mpaka magotini na ameanza kukimbia kupanda mlima, mbele ya vijana, mbele ya bunduki, kwa sababu alikuwa ameelewa jambo ambalo wengine walikuwa hawajalifikiria: kengele ya maiti hupigwa na aliye hai.

Na Ntirampeba hakuwahi kuwa na nguvu ya kuvuta kamba ile peke yake; mle mnarani kulikuwa na mtu mwingine.